Watoto wa masuria hawakuwa watoto wa nje

Juzi tena nimeambiwa, na mtu anayejiamini, kwamba Salme binti Said, binti wa mtawala wa Unguja wa karne ya 19, alinyimwa mirathi kwa sababu mama yake alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, kwa hiyo yeye "si wa ndoa". Nimelisikia kwa wanafunzi, kwa watembeza wageni, hata kwa watu waliokaa chuoni wakasoma faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu. Nimechoka nalo.

Baba yake Salme, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alikuwa na mke wa ndoa, Azza binti Seif, wa ukoo wa kifalme wa Oman, mwanamke mfupi ambaye nyumba nzima pale Mtoni, kwenye jumba la Said, ilimnyenyekea. Azza hakuzaa. Baadaye Said alioa binti wa kifalme wa Uajemi, wakaachana bila mtoto. Alipofia baharini mwaka 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wa masuria. Wote. Wamo Majid, Barghash, Khalifa na Ali waliotawala Unguja, na Thuwaini na Turki waliotawala Muscat. Ukimwita Salme mtoto wa nje, umewatoa nje watawala sita kwa mpigo.

Watu wanachanganya suria na hawara. Mtoto wa hawara hana nasaba kwa baba. Suria alikuwa mtumwa, na huo ni ubaya wake mwenyewe, lakini mbele ya kadhi mtoto aliyezaa na bwana wake ni huru tangu siku ya kwanza, ana jina la baba, na katika mirathi anasimama pamoja na mtoto wa mke: wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mama naye akishazaa anakuwa ummul-walad, yaani mama wa mtoto. Kwa rai ya wanazuoni wengi hauzwi tena, na bwana akifa yuko huru.

Na Salme alirithi! Alikuwa na miaka 12 tu, akatangazwa kuwa amefikia umri, akakabidhiwa shamba lenye nyumba pamoja na fedha zake.

Ninapopata shaka ni kwenye maisha ya ndani. Kadhi aligawa sawa. Je, nyumba iligawa sawa? Salme mwenyewe ameandika kwamba watoto wa masuria wa Kihabeshi waliwaita wenzao wa mama wa Kicherkesi, watu wa Kaukazi, "paka", kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Mama yake, Jilfidan, alitekwa huko Kaukazi akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza lilimtoka akiwa tayari nyumbani kwa Said. Sheria iliyomlinda mtoto haikumuuliza mama huyu lolote. Tena karibu yote tuyajuayo kuhusu vyumba vile yametoka kwenye kalamu moja, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa bado anadai haki zake. Mimi huzisoma kwa heshima na kwa tahadhari.

Kilichomfungia mlango ni dini. Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa na kuolewa siku hiyohiyo. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo kwa ndugu waliofariki baada ya hapo hakuwa na fungu. Cha baba alikwisha kukipata zamani. Alichokuwa akikidai sasa ni cha ndugu, na hapa ndipo wasimuliaji wengi wanapopotea.

Mwaka 1885 alirudi Unguja, mjane, pamoja na meli za kivita za Wajerumani, na Barghash akamkatalia. Ni Barghash yuleyule ambaye Salme alimsaidia kuandika barua za njama dhidi ya Majid mwaka 1859, akiwa binti wa miaka 15. Barghash alikuwa na sababu zake za kisheria na za kisiasa, lakini usuria hauwezi kuwa mojawapo: mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi, na yeye ndiye aliyekuwa amekalia kiti cha usultani.