Mgeni wa kituo cha saba

Jumamosi iliyopita dada mmoja alifika kwenye uwanja wetu wa kulenga shabaha, akazima gari, akabaki ndani karibu nusu saa. Nilimwona, nikadhani anaongea na simu. Aliposhuka na kusalimia, sisi tulikuwa tunamalizia mzunguko wa pili. Baadaye, tukiwa kwenye chai, akaniambia ukweli. Alikuwa anatutazama, anaona wote tunajuana, wote tuna vizibao vya mifuko mikubwa, kila mtu anajua asimame wapi, naye akawa anajiuliza kama ageuze gari arudi zake Ngaramtoni. Nusu saa ile imenikaa rohoni wiki nzima. Sisi wenyeji ndio tulipaswa kwenda kwenye dirisha la gari.

Nafundisha kulenga shabaha kwa bunduki za marisau, zile zinazotema punje nyingi ndogo kwa mlio mmoja, hapa Arusha, na mwenyewe nimeshindana kwenye skiti, mchezo wa kupasua visahani vinavyorushwa hewani, kwa zaidi ya miaka 20. Leo nataka kusema na wakongwe wenzangu kuliko wageni, ila mgeni naye akisoma itamfaa.

Kwa asiyeujua mchezo: uwanja wa skiti ni nusu duara. Kushoto kuna kibanda kirefu, mashine yake hurusha kisahani kutoka kimo cha mita 3 hivi. Kulia kuna kibanda kifupi, chake hutoka chini, kwenye mita 1. Vituo 7 vimepangwa kwenye ukingo wa nusu duara, cha 8 kiko katikati ya vibanda viwili. Kisahani chenyewe ni cha lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, kina upana wa sentimita 11 na uzito wa gramu 105 hivi, na kikiguswa na marisau machache tu kinapasuka. Mzunguko mmoja ni visahani 25.

Mchezo wenyewe ulianzishwa na wawindaji wa ndege huko Massachusetts, Marekani, miaka ya mwanzo ya 1920. Charles Davis na wenzake walitaka mazoezi ya kulenga kutoka kila upande, wakachora duara zima na kulizunguka kama mishale ya saa. Kisha jirani akaanzisha ufugaji wa kuku upande wa pili wa ua. Hawakugombana naye. Walilikata duara katikati, wakaweka mashine ya pili upande mwingine ili pembe zote zibaki, na uwanja tunaosimama leo ndio huo. Jina lilipatikana 1926 kwa shindano la gazeti, mshindi akiwa mama mmoja wa Montana, Gertrude Hurlbutt, aliyepewa dola 100. Habari hii ya kuku huwa nawasimulia wageni mapema kabisa, kwa sababu na sisi tuna majirani. Wafugaji hupitisha mifugo mbali kule mbele, na mchungaji akionekana, bendera nyekundu inapanda na kila bunduki inafunguliwa ili isiweze kulia. Marisau madogo ya skiti hayaendi mbali kama risasi ya mtutu wa kuwindia nyati, lakini mbele ya uwanja lazima paachwe mita 300 hivi zisizo na mtu wala mnyama.

Sasa nirudi kwa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekuja kuamini kwamba humo mna mpango mzima wa kumpokea mlengaji mpya, na sisi tunauharibu pande zote mbili. Wengine tunampa jembe siku ya kwanza. Wengine hatumpi kabisa, tunamweka kwenye kiti miezi sita akipiga makofi.

Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza. Mwenyeji mmoja alinishikisha bunduki fupi, nyepesi, akaijaza risasi za kuwindia, akaniambia, "Shika vizuri, itakupiga teke." Kweli ilinipiga. Kitako cha bunduki hakikuwa begani, kilikuwa juu ya msuli wa mkono, na kwa siku kumi nilikuwa na alama ya zambarau ambayo mama yangu aliiona akanikataza kurudi. Watu walicheka. Sikurudi kwa karibu miaka miwili, na niliporudi ilinichukua muda mrefu zaidi kuacha kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Kufumba huko ndiko kunakomaliza walengaji wengi, na mara nyingi mbegu yake hupandwa na mwenyeji katika dakika tano za kwanza.

Teke halitokani na bahati. Bunduki nyepesi na risasi nzito huumiza, bunduki nzito na risasi nyepesi husukuma tu. Katika mashindano ya Olimpiki marisau ya risasi moja hayaruhusiwi kuzidi gramu 24. Kama gramu 24 zinatosha kumpa mtu medali ya dhahabu, sioni kwa nini tumpe mgeni 32. Halafu kitako kilingane na mwili. Mwezi wa Julai, baridi ya Arusha ikikaza, mgeni huja na koti nene, na bunduki iliyomtosha Machi inakwama chini ya kwapa. Tuwe na kitako kifupi cha akiba, tumpime kabla hajagusa risasi. Vifunika masikio na miwani avae tangu anapopita getini, asisubiri zamu yake, maana mlio wa mwenzake nao ni mlio.

Kisha pa kumsimamisha. Mzunguko wa kawaida huanzia kituo cha 1, na wengi wetu kwa mazoea humpeleka mgeni huko. Hapo kisahani kinatokea juu ya kichwa chake, kutoka nyuma, kinamtoroka kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa hivi, na ili akipate inabidi alenge chini yake kidogo, jambo ambalo akili ya binadamu hulikataa. Atakosa, atakosa tena. Mpeleke kituo cha 7. Pale kisahani cha kibanda kifupi kinatoka karibu na kiuno chake, kinakwenda moja kwa moja mbele yake, hakuna hesabu ya kutangulia wala kurudi nyuma. Anachokiona ndicho anachokipiga. Mwekee risasi moja tu, simama ubavuni kwake hatua nusu nyuma, mkono wako ukiweza kufikia bunduki akigeuka ghafla. Mwache aite kisahani mwenyewe, mashine irushe akishatoa mwito. Dada wa Ngaramtoni alikosa viwili. Cha tatu kilipopasuka aligeuka kunitazama, macho yamejaa, lakini mtutu ulibaki mbele palepale, na hapo nilijua atakuwa mlengaji mzuri.

Baada ya hapo, kwenye kituo hichohicho, mpe kisahani cha kibanda kirefu, kinachomjia taratibu kutoka upande wa pili. Cha kukatisha mbele, kile cha kituo cha 4, kisubiri siku nyingine. Huko ndiko mgeni anakutana na fumbo la mchezo huu, nami napenda kulieleza kwa hesabu kwa sababu linamwondolea mtu dhana kwamba wakongwe wana uchawi. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Kutoka kituo cha 4 hadi kisahani kinapopita ni kama mita 20. Marisau yakienda kwa wastani wa mita 350 kwa sekunde, yanatumia takriban sehemu 6 za sekunde iliyogawanywa mara 100 kufika. Ndani ya muda huo kisahani kimeshasogea mita 1 na sentimita 15 hivi. Ukilenga kisahani chenyewe, unapiga mahali kilipokuwa. Kijana yeyote aliyecheza mpira mtaani anaelewa nikimwambia hivi: winga anakimbia, pasi humpigi miguuni, unampigia nafasi iliyo mbele yake. Na mguu ukishapiga hauusimamishi. Mtutu nao usiusimamishe unapovuta, uendelee kuzunguka na kisahani hata baada ya mlio.

Ushauri uwe mmoja kwa kila risasi, na utoke kwa mtu mmoja. Hili ndilo kosa letu kubwa, na tunalifanya kwa mapenzi mema. Mgeni akikosa, watu wanne wanamwambia mambo manne: uko nyuma, inua shavu, shusha shavu, songeza mguu. Nina mfano unaoniuma. Kijana mmoja wa Moshi alikuwa anakuja kwetu kila alipopata nauli, anatumia bunduki zetu, na miezi mitatu mizima hakuvuka visahani 9 kati ya 25. Kila aliposimama tulimwambia, "Uko nyuma, ongeza mbele." Akaongeza. Vya kibanda kirefu vikaanza kupasuka, vya kibanda kifupi vikazidi kumpotea. Tukasema hana umakini.

Siku moja nilikaa kimya nikamtazama tu. Nikamwambia anyooshe mikono, aunganishe viganja aache tundu dogo katikati, atazame nguzo ya bendera ndani ya tundu, macho yote wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Alipofumba la kulia nguzo ilibaki, alipofumba la kushoto ikapotea. Alikuwa anapiga kwa bega la kulia huku jicho linaloongoza ni la kushoto, kwa hiyo marisau yake yote yalikwenda kushoto. Kisahani kinachotoka kushoto kwenda kulia, kweli alikuwa nyuma yake. Kinachotoka kulia, alikuwa mbele yake, na sisi tulikuwa tunamwambia aongeze. Nilibandika kipande cha karatasi ya gundi, ukubwa wa ukucha, kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake ili jicho hilo lisiongoze. Mzunguko uliofuata akapata 15. Akaniambia, "Mwalimu, nilishamwambia mama kwamba mchezo huu si wangu." Jaribio lile linachukua dakika moja. Tangu siku hiyo hakuna mgeni anayepita mikononi mwangu bila kufanyiwa kabla hajashika bunduki.

Usalama ni jambo ambalo sibembelezi mtu, lakini kuna namna ya kulifundisha bila kumfedhehesha. Mgeni ajifunze kwa kuona mkongwe akikosolewa. Mwezi jana mzee wetu, mtu aliyefundisha nusu ya walengaji wa hapa, alimaliza kupiga akageuka kabla hajafungua bunduki. Haikuwa na kitu ndani. Kijana aliyekuwa zamu akasema, "Shikamoo mzee, samahani, bunduki ifunguliwe." Mzee akasimama, akaifungua, akaonyesha matundu mawili matupu. "Marahaba. Ahsante mwanangu, umefanya vyema." Wageni watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nisingeweza kuwapa somo zuri zaidi kwa saa nzima ya maneno.

Kuhusu kumiliki bunduki, nasema mapema: usinunue. Silaha hapa nchini zina sheria yake ya mwaka 2015, leseni inapitia polisi, na hakuna njia ya mkato wala anayestahili kuitafuta. Piga na bunduki ya mwenye leseni, yeye akiwa kando yako, mpaka ujue mwili wako unataka nini.

Akina dada huniuliza kama huu ni mchezo wa wanaume. Huwa nawaambia habari za Zhang Shan wa Uchina. Mwaka 1992 kule Barcelona wanaume na wanawake walikuwa wanashindana pamoja kwenye skiti. Alipasua visahani 200 kati ya 200 katika hatua ya mchujo, akamaliza na 223 kati ya 225, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Olimpiki iliyofuata, 1996, skiti ikawa ya wanaume peke yao, na bingwa akakosa pa kutetea taji lake. Wanawake walipata shindano lao Sydney, mwaka 2000. Nikimwona mwanamke amekaa ndani ya gari akitutazama kwa mbali, ule mlango uliofungwa hunijia kichwani.

Na jembe sasa. Siku ya tatu mgeni asipewe kiti tena, apewe kitufe. Anayebonyeza kitufe cha mashine anasimama nyuma ya mlengaji, anasikia mwito, anaona kisahani kikitoka na mtutu ukikifuata, mara 25 kwa kila mtu. Anajifunza kwa macho kitu ambacho sisi hatuwezi kukieleza kwa mdomo. Mpe pia karatasi ya alama, aandike kosa la bingwa kwa mkono wake, aone kwamba bingwa naye hukosa na hagombani na karatasi. Aokote maganda ya risasi pamoja nasi jioni. Wakati wa kuokota maganda ndipo watu huulizana unakaa wapi, watoto wanasoma wapi, kikohozi cha mzee kimepona. Mtu aliyeokota maganda na wenzake hawezi kukaa tena nusu saa ndani ya gari.

Dada wa Ngaramtoni Jumamosi hii atakuwa kwenye siku yake ya pili. Nimewaomba wenzangu wawili tufike kabla ya saa 2 asubuhi, na mmoja wetu awe getini. Bunduki yenye kitako kifupi nimeshaisafisha, na pakiti ya gramu 24 iko juu ya meza.