Baridi yabisi ya rumatoidi inafanya nini ndani ya kiungo

Huku Kigoma mama akilalamika vidole vinakaza asubuhi ataambiwa ni baridi ya ziwa hiyo, au ni mawese aliyokamua miaka yote, anachuliwa, anameza diklofenaki, basi. Ila kuna baridi yabisi inaitwa rumatoidi na hii hailetwi na baridi ya ziwa, ni kinga ya mwili wake mwenyewe ndo inashambulia viungo.

Kiungo kinashikiliwa na tishu unganishi, yaani gegedu laini linalofunika ncha za mifupa, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa na msuli kwa mfupa, halafu kuna utando mwembamba sana kwa ndani unaotoa ute wa kulainisha. Ugonjwa unaanzia kwenye huo utando. Seli za kinga zinajaa pale, utando unavimba na kuwa mnene, ute unazidi, ndo maana kiungo kinajaa na ukikigusa kina joto, kisha utando unatambaa juu ya gegedu kama magugu kwenye shamba lililoachwa, unamwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ile protini inayolipatia gegedu uimara. Gegedu likishaliwa halirudi. Mfupa nao unamomonyoka pembeni, kano zinalegea, nyingine zinakatika kabisa, na hapo ndo unaona vidole vya mtu vimelalia upande wa kidole cha mwisho.

Sasa kinachoniuma ni hivi, diklofenaki inatuliza maumivu na uvimbe kidogo lakini huko ndani uharibifu unaendelea, na mara nyingi unaanza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, wakati mtu bado anajiona anavumilia tu.

Kwa hiyo jamani, kama vifundo vya vidole na vifundo vya mikono, pale kiganja kinapoanzia, vimevimba pande zote mbili, asubuhi vinakaza kwa muda unaozidi saa 1 na hali hiyo imefika wiki 6, nenda hospitali upimwe damu. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume, na sigara inaongeza hatari. Dawa za kuupunguza kasi ugonjwa zipo, methotreksati ndo wengi wanaanzia, na hiyo inamezwa mara 1 kwa WIKI, sio kila siku, ukiimeza kila siku inaweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kabisa.