Gazeti likipunguza watu: yanayosemwa mitaani na yalivyo kweli

Gazeti likitangaza kupunguza wafanyakazi, maelezo huwa yale yale: "Watu siku hizi hawasomi." Nimekuwa mhariri msanifu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na dhana hiyo inaniuma kuliko nyingine zote, maana inamtwisha msomaji lawama isiyo yake.

Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti katika kituo chochote cha daladala. Watu wamesimama, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine, wanabishana kidogo, daladala ikifika wanaondoka. Wengine gazeti zima wamelipata alfajiri kwenye kundi la WhatsApp, kurasa zote kwa PDF, muuzaji hata hajafungua bando lake. Redio na televisheni nazo zinapitia magazeti kila kukicha. Wasomaji wapo tele. Kilichohama ni tangazo.

Magazeti mengi hayajawahi kuishi kwa bei inayoandikwa ukurasa wa mbele. Fedha ya msomaji inagawanywa kwa muuzaji, wakala na msafirishaji, na inayobaki huishia kwenye karatasi na wino. Mishahara ya chumba cha habari ililipwa na matangazo ya zabuni, nafasi za kazi, notisi za mnada, kumbukumbu za marehemu. Leo zabuni za serikali ziko kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa serikali wa ununuzi, nafasi za utumishi wa umma ziko kwenye tovuti ya Ajira Portal, na mwenye chumba cha kupangisha anakitangaza Instagram.

Marekani hesabu za jambo hili ziko wazi. Mwaka 2005 magazeti ya huko yaliingiza dola bilioni 49 hivi kwa matangazo. Kufikia 2020 hazikufika bilioni 10, na huo ndio mwaka wa kwanza fedha za wasomaji kuzipita za matangazo. Kati ya 2008 na 2020 waajiriwa wa vyumba vya habari vya magazeti hayo walishuka kutoka 71,000 hivi hadi 31,000 hivi. Matangazo madogo madogo, yale ya gari kuukuu na kochi la kuuza, yalikuwa yameshaanza kuhamia Craigslist, tovuti ya matangazo iliyoanzia San Francisco mwaka 1995 na ambayo karibu yote iliyachapisha bure.

Dhana ya pili inaumiza watu moja kwa moja: kwamba wanaopunguzwa ni wavivu, au wameshindwa kwenda na wakati. Tarehe 30 Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani liliwaondoa wapiga picha wake wote wa kudumu, watu 28. Mmoja wao alikuwa John H. White, mshindi wa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, ya mwaka 1982. Waandishi waliobaki wakaanza kufundishwa kupiga picha kwa simu.

Kwenye gazeti moja nililofanya kazi, majina ya kwanza kwenye orodha yalikuwa ya wasomaprufu, wanaokagua makosa kabla ukurasa haujachapwa. Kuna usiku mmoja sijausahau. Saa nne imepita, ukurasa wa tatu umetolewa kwenye karatasi kubwa kwa ukaguzi wa mwisho, mtamboni wanapiga simu kuuliza umefikia wapi. Dada yetu wa prufu akaweka kidole kwenye maelezo ya picha, akasema, "Huyu baba mbona mnamwita mshtakiwa? Ndani ya habari ni shahidi." Tukampigia mwandishi wa mahakamani. Kweli, alikuwa shahidi. Tukarekebisha, ukurasa ukaenda, na yule baba akaamka kesho yake bila kujua kilichotaka kumpata. Dada yule alipoondolewa, hakuna aliyeajiriwa kushika kalamu yake nyekundu.

Wapo pia wanaoamini mwajiri akisema "hali ngumu", basi, imetoka hiyo. Haiko hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza, aeleze sababu, na ashauriane kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo, vigezo vya kuchagua watu na malipo yao. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka. Anayeachwa nje ni mwandishi wa kujitegemea wa mkoani, anayelipwa kwa habari iliyotoka. Huyo hapunguzwi rasmi. Habari zake zinaacha kutumika tu, na mhariri anaacha kupokea simu zake.

"Si wahamie mtandaoni?" The Independent la Uingereza lilifanya hivyo Machi 2016, likaacha kabisa kuchapisha karatasi. Gharama zilishuka. Lakini katika mwaka uliofuata, muda ambao Waingereza waliutumia kulisoma ulipungua kwa asilimia 81. Mwenye karatasi mkononi hukaa nayo. Mwenye simu hupitia habari moja, akaenda zake.

Na kwa wanaodhani gazeti likififia hakuna anayepoteza ila waliokuwa wakilifanyia kazi, waulize watu wa Bell, mji mdogo karibu na Los Angeles usiofikisha wakazi 40,000. Kwa miaka mingi mikutano ya halmashauri yao ilipita bila mwandishi wa kuifuatilia kwa ukaribu. Mkurugenzi wa mji, Robert Rizzo, alifikia kulipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya mshahara wa Rais wa Marekani, kutoka kwa wananchi ambao wengi wao ni maskini. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Waliomfichua mwaka 2010 ni Jeff Gottlieb na Ruben Vives wa Los Angeles Times, na hata wao hawakuwa wametumwa Bell. Walikuwa wakifuatilia habari ya mji wa jirani, Maywood.