Bustani isiyodai kazi nyingi kando ya nyumba iliyokosa mnunuzi: dhana potofu na ukweli

Nyumba ikikaa muda mrefu bila kuuzwa, bango la "Inauzwa" likapauka na mifereji ya paa ikaota miche, jirani mwenye bustani hupokea ushauri kutoka kwa kila apitaye. Ushauri mwingi hutolewa kwa nia njema, lakini humwongezea kazi mtu ambaye shida yake hasa ni kukosa muda.

Dhana: Maadamu kwa jirani hakufyekwi, kupalilia kwako ni kutwanga maji.

Ukweli: Zipo mbegu zinazopeperushwa na upepo na nyingine zinazodondoshwa na ndege, lakini sehemu kubwa ya magugu yanayochipua bustanini hutokana na mbegu ambazo tayari zimelala katika udongo wa hapohapo, nazo huweza kulala kwa muda usiosadikika. Mwaka 1879, mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mchanga uliochanganywa na mbegu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe mojamoja kwa vipindi virefu; katika chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 142, bado zilikuwemo mbegu zilizoota. Jembe linapopindua udongo huzileta juu mbegu za namna hiyo, na nyingi huhitaji mwanga kidogo tu ili ziamke. Ndiyo maana anayechokorachokora udongo kila wiki anaweza kuishia na magugu mengi kuliko yule anayeyakata kabla hayajatoa mbegu, kisha akaufunika udongo kwa matandazo ya majani makavu au magome yaliyosagwa, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandazo hayo yasigusane na mashina ya miti wala ukuta wa nyumba, kwa kuwa unyevu wake huozesha gome na kuwasitiri mchwa.

Dhana: Uzio imara unatosha.

Ukweli: Uzio huzuia macho, hauzuii ukoka. Ukichimba kidogo chini ya uzio unaopakana na ua ulioachwa, utakuta vishina vyeupe vyenye ncha kali kama sindano, vikijipenyeza kimyakimya kuja upande wako. Kila kishina kina vifundo, na kipande kifupi chenye kifundo kimoja tu kinaweza kuota upya, kwa hiyo kuvikatakata kwa jembe ni sawa na kuvipanda. Kinachofaa ni mfereji mwembamba kando ya mpaka, wenye kina cha sentimita 20 hadi 30, ulioachwa wazi ili vishina vikichungulia vionekane na kukatwa. Haupendezi machoni, nakiri, na baada ya mvua kubwa hudai kuzibuliwa. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua kazi moja tu, ningechagua huo.

Dhana: Tandaza nailoni, mwaga changarawe, umemaliza.

Ukweli: Vumbi na majani yaliyooza hujaa kati ya kokoto, na magugu huota juu ya nailoni, mizizi ikiwa imeitoboa. Chumvi, ambayo wengine huipendekeza, ni mbaya zaidi, kwani huharibu udongo na kusafiri na maji hadi kwenye mimea uliyotaka kuitunza.

Dhana: Mimea inayostahimili ukame haihitaji kumwagiliwa.

Ukweli: Huhitaji, hasa katika mwaka wa kwanza, kabla mizizi haijashika. Maji mengi yanayomwagwa mara chache huisukuma mizizi kwenda chini kuliko maji kidogo ya kila siku. Panda kwa kubananisha ili majani yafunike udongo, kwa sababu palipo na kivuli magugu huchipua kwa shida.

Dhana: Vichaka vya jirani ndivyo vinavyozaa mbu.

Ukweli: Mbu hupumzika vichakani, lakini huzaliana majini. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengi, huweza kutoka yai hadi mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10, na kisahani chini ya chungu cha maua kinamtosha. Basi mwaga na usugue vyombo vyako mara moja kwa wiki, maana mayai hubaki yamegandia ukingoni hata maji yakikauka.

Dhana: Nyumba haina mtu, kwa hiyo ingia ufyeke.

Ukweli: Nyumba tupu bado ina mwenyewe, awe mtu, warithi au benki. Katika nchi zinazofuata sheria yenye asili ya Uingereza, shauri la Lemmon dhidi ya Webb, lililoamuliwa mwaka 1894, lilithibitisha kwamba unaweza kukata matawi yaliyovuka mpaka bila kumwarifu mwenye mti, alimradi huingii kwake; kwingineko kanuni hutofautiana. Kunyunyizia dawa ya magugu juu ya uzio hakumo katika haki hiyo. Mwandikie mmiliki kupitia kwa dalali aliye kwenye bango, uombe kwa maandishi ruhusa ya kufyeka ukanda wa mita moja kando ya uzio na kuzibua mifereji ya paa. Dalali ana sababu ya kukubali: ua uliofyekwa humsaidia kuuza.