Hundi ya kigeni: fedha kuonekana kwenye salio si kulipwa

Wauzaji wengi wa mtandaoni huamini kwamba hundi kutoka ng'ambo ikishawekwa benki na fedha zikaonekana kwenye salio, malipo yamekamilika na mzigo unaweza kusafirishwa. Sivyo. Mara nyingi benki huingiza kiasi hicho kwa masharti, wakati hundi bado inarudishwa kwa benki inayotakiwa kuilipa, ambayo ndiyo pekee inayoweza kuthibitisha kwamba akaunti ipo, sahihi ni halali na fedha zinatosha. Kwa hundi ya kigeni, safari hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa.

Matapeli huutumia mwanya huo kwa njia isiyobadilika sana. Mnunuzi wa kamera ya dola 400 hutuma hundi ya dola 1,900, hudai kwamba karani wake alikosea, kisha huomba ziada itumwe haraka kwa msafirishaji, ambaye kwa kawaida ni yeye mwenyewe kwa jina jingine. Hundi ikikataliwa, benki humkata muuzaji kiasi chote, pengine pamoja na ada, na fedha alizokwisha kutuma hazirudi. Hata hundi inayoonekana kutolewa na benki yenyewe, ambayo wengi huiona salama kabisa, hughushiwa.

Anayelazimika kuipokea aombe benki yake iipeleke kukusanywa, yaani asiingiziwe chochote mpaka benki ya nje ilipe, ingawa kwa kamera ya dola 400 gharama za utaratibu huo huenda zikaimeza faida yote.