Yule Mtoto Asiyesumbua: dhana potofu kuhusu ndugu wa watoto wenye usonji

"Huyu hana shida, anajielewa." Hapa Tabora utasikia mzazi akisema hivyo kuhusu mtoto ambaye kaka au mdogo wake ana usonji (autism, yaani ubongo unaokua kwa namna tofauti na kuathiri mawasiliano na tabia), au hatulii kupita kiasi, au ana utindio wa ubongo. Kauli hiyo hutolewa kwa upendo, lakini humwacha mtoto peke yake.

Dhana: Mtoto mtulivu yuko salama.

Utulivu wake unaweza kuwa ndiyo dalili yenyewe. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba, kwa wastani, ndugu hawa hupata wasiwasi na sonona zaidi ya watoto wengine, ingawa wengi wao hukua vizuri. Mtoto anayemwona mama amekesha na mdogo wake hujifunza mapema kutoongeza mzigo. Haombi daftari jipya. Hasemi kwamba wenzake wanamtania njiani. Anakazana kushika namba ya kwanza darasani kwa sababu anahofia kuwa na yeye akishindwa, nyumba itaelemewa. Mwingine huumwa tumbo au kichwa kila mara, na akipimwa malaria haonekani nayo. Mwingine husinzia darasani, au hataki rafiki yeyote afike kwao.

Wapo pia wanaokasirika, kisha wakajichukia kwa kukasirika. Hasira hiyo si roho mbaya. Ukimwambia "wewe mkubwa, vumilia," hataacha kukasirika, atajifunza kuficha tu.

Dhana: Dada kumlea mdogo wake ni malezi mema, basi.

Sipingi watoto kusaidia. Ni desturi yetu, na wengi hupata huruma na ustahimilivu humo humo. Ninachopinga ni ulezi usio na mapumziko. Huko Urambo na Kaliua, msimu wa kuchuma tumbaku, wazazi wanaposhinda shambani na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, msichana wa darasa la tano anaweza kukosa shule ili amchunge kaka yake mwenye usonji asitoroke. Nani anampokea? Mara nyingi hakuna, na mvulana mwingine wa nyumba hiyo hiyo yuko uwanjani anacheza mpira. Wekeni zamu: baba, shangazi, bibi, na huyo mvulana pia. Kisha mmoja wa wazazi atenge muda wa kuwa na huyu binti peke yake, hata kama ni kwenda naye sokoni tu, na safari hiyo wasizungumzie habari za kaka yake.

Dhana: Bado mdogo, usimweleze.

Usipomweleza, atajitungia maelezo. Mtoto wa miaka sita anaweza kuamini kwamba mdogo wake haongei kwa sababu yeye aliwahi kumsukuma. Maneno machache yanatosha: "Ubongo wa mdogo wako unafanya kazi tofauti na wako. Hukumsababishia wewe, na huwezi kuambukizwa."

Dhana: Ukoo wao una mkosi.

Hakuna mkosi. Vinasaba vina nafasi kubwa katika usonji, na hilo si laana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia familia zenye mtoto mwenye usonji, ulikuta karibu asilimia 20 ya wadogo waliozaliwa baada yake nao wana usonji. Maana yake, wanne kati ya watano hawakuwa nao. Kijana anayeogopa kuoa au kuolewa kwa sababu hiyo anastahili kukaa na daktari akaulize, badala ya kusikiliza maneno ya majirani.

Dhana: Kuonana na mtaalamu ni kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Hofu hii imewanyamazisha wengi. Kuongea na mshauri si kuitwa chizi, wala si kulazwa. Anzia kwa mwalimu anayemjua mtoto, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Mwandikie namba hiyo kwenye daftari lake, na umweleze kwamba kuipiga si kuwasema vibaya wazazi wake.