Je, wajua kwa nini wanafalsafa wa kimapinduzi hawaukimbii mgogoro?

Mwaka 495 kabla ya Kristo, kama anavyosimulia mwanahistoria Livy, mzee mmoja aliyewahi kuongoza askari alijitokeza uwanjani katikati ya Roma, nguo zimemchakaa na mwili umemkauka. Kifuani alikuwa na makovu ya vita, mgongoni alama mbichi za viboko. Alipokuwa vitani akiipigania Roma, adui alichoma nyumba yake na kuswaga mifugo yake. Kodi ikamfuata hukohuko kwenye majivu, akakopa, na aliposhindwa kulipa, mdai wake akamchukua akamtia kifungoni na kumtesa.

Mwaka uliofuata makabwela wa Roma, waliochoshwa na madeni ya namna hiyo, waliuhama mji wakaenda kupiga kambi kilimani. Hawakumshambulia mtu. Waligoma tu kuendelea kuwa jeshi la mji usiowajali. Makabaila wakajikuta hawana askari, wakakubali kuwe na matribuni: watetezi wa makabwela ambao kuwagusa ilikuwa mwiko, na ambao waliweza kuyazuia maamuzi ya watawala.

Je, mgogoro ule ulikuwa ugonjwa wa Roma, au ulikuwa tiba yake? Wanafalsafa wengi wa zamani wangesema ugonjwa. Thomas Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 baada ya Uingereza kuraruliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliona ni heri watu wakabidhi madaraka kwa mtawala mmoja mwenye nguvu kuliko kuishi katika vita ya kila mtu dhidi ya kila mtu. Hoja yake si ya kubezwa. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na yeyote aliyewahi kukimbia vita anajua uzito wa maneno hayo. Ila methali hiyo inasema juu ya ugomvi wa wakubwa kwa wakubwa. Wanafalsafa wa kimapinduzi wanauliza jambo jingine: fahali wakipatana, je, nyasi haziliwi?

Wa kwanza kulijibu swali hilo waziwazi alikuwa Niccolò Machiavelli wa Firenze, ambaye wengi wanamjua kama mshauri wa watawala wajanja tu. Katika maandishi yake juu ya Livy, yaliyochapishwa mwaka 1531, miaka minne baada ya kifo chake, anasema wanaozilaani ghasia kati ya makabwela na Seneti wanakilaani kitu kilekile kilichoiweka Roma huru. Kwake, kila dola ina matakwa mawili yanayovutana: wakubwa wanataka kutawala, umma unataka usionewe. Sheria nzuri huzaliwa katika mvutano huo. Lakini hakujidanganya. Alikiri kwamba ugomvi wa ardhi ndio uliokuja kuizika jamhuri ile, akaongeza kwamba bila upinzani wa makabwela, Roma ingeingia utumwani mapema zaidi.

Zaidi ya karne nne baadaye mwanafalsafa Mfaransa Jacques Rancière alikirudia kisa hichohicho na kuona jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Machoni pa makabaila, makabwela hawakuwa na usemi. Walichotoa midomoni kilikuwa kelele za shida, kama za mnyama. Ndipo Seneti ikamtuma Menenius Agrippa kilimani kuwatuliza kwa hadithi ya viungo vya mwili vilivyoligomea tumbo. Kumsimulia mtu hadithi ni kukubali kwamba anaelewa, na anayeelewa anaweza kujibu. Kwa hiyo ugomvi haukuwa wa madeni pekee, ulikuwa wa nani ahesabiwe kuwa mtu wa kusikilizwa. Kwa Rancière, siasa yenyewe huanzia hapo, pale wasiohesabiwa wanapojihesabu.

Karl Marx aliushusha mvutano huo hadi kwenye mlango wa kiwanda. Ilani ya Kikomunisti ya mwaka 1848, aliyoiandika na Friedrich Engels, inafahamika kwa kusema kwamba historia ya jamii ni historia ya mapambano ya kitabaka. Maelezo ya kina zaidi yamo katika kitabu chake cha Mtaji cha mwaka 1867, kwenye sura ya siku ya kazi. Tajiri amenunua nguvu kazi ya siku moja, basi ana haki ya kuitumia kwa saa nyingi awezavyo, kama mnunuzi yeyote. Mfanyakazi naye ana haki ya kuilinda bidhaa yake, yaani mwili wake, isiishe kabla ya wakati. Sheria ya soko inawaunga mkono wote wawili. Kati ya haki mbili zilizo sawa, anaandika Marx, nguvu ndiyo inayoamua. Kwa maneno mengine, mgogoro haukuletwa na wachochezi kutoka nje, umo ndani ya mkataba wenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1847, iliyowawekea wanawake na vijana wa viwanda vya nguo kikomo cha saa kumi kwa siku, ilipatikana baada ya miaka mingi ya wafanyakazi kuidai.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Martinique, alikwenda mbali zaidi. Alifanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia mwaka 1953, akajiuzulu mwaka 1956 na kuungana na wapigania uhuru. Katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, anasema ukoloni ni nguvu tupu na hautang'oka ila kwa nguvu. Wanaomnukuu hapo mara nyingi huiruka sura anayoeleza wagonjwa wake. Wamo walioteswa, na yumo askari polisi wa Kizungu aliyetesa wafungwa kutwa nzima, kisha akirudi nyumbani akawapiga mke na watoto wake. Fanon aliuona mgogoro kuwa wa lazima, na akaandika wazi gharama yake.

Hatari nyingine ni kuupenda mgogoro kwa ajili ya mgogoro. Mjerumani Carl Schmitt alifundisha kwamba msingi wa siasa ni kumtofautisha rafiki na adui, na mwaka 1933 akajiunga na chama cha Nazi. Chantal Mouffe wa Ubelgiji amechukua sehemu ya hoja yake, kwamba mvutano haufutiki, na kuikataa nyingine: demokrasia, anasema, inapaswa kumgeuza adui wa kuangamizwa kuwa mpinzani wa kushindana naye, ambaye haki yake ya kusema haiguswi. Naliona wazo hilo kuwa la busara mahali ambapo uwanja wa kushindania upo. Linapwaya pale ambapo upande mmoja haujakubali kwamba upande wa pili una haki ya kuingia uwanjani, na hao wanaozuiwa hasa ndio Rancière na Fanon waliokuwa wakiwazungumzia.